SOMO KWA MAKATIBU: KUUNGANISHA JINA LA CHAMA NA TOVUTI YA PICHA

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo ndiyo iliyobeba zao hilo. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Hata hivyo katika masoko ya ng'ambo jina linalotajwa ni Zanzibar. Mkulima wa Mtambile au wa Konde huchuma, huchambua makonyo, huanika juu ya jamvi na kupeleka kituoni, na yule anayezinunua mwisho wa safari hajui kama duniani kuna mahali paitwapo Konde. Hayo si malalamiko, kwani Zanzibar ni nchi na Pemba ni sehemu yake. Yametajwa hapa kwa sababu yanafanana sana na jambo linalotokea kila siku kwa picha za vyama vya ushirika.

Chama kinachouza viungo, mwani au asali, au kinachopokea wageni wanaozuru msitu wa Ngezi na kisiwa cha Misali, hakina budi siku hizi kuonyesha picha. Mnunuzi aliye mbali hutaka kuona karafuu zilivyokauka, kamba za mwani zilivyofungwa, na watu wanaofanya kazi hiyo. Kwa hiyo vyama hukodi nafasi katika mitambo ya kampuni zinazohifadhi picha kwa njia ya intaneti. Kampuni za namna hiyo ni nyingi. SmugMug ilianza mwaka 2002, na Flickr mwaka 2004. Chama kikishafungua akaunti hupewa anwani yake ya kwanza, na anwani hiyo mara nyingi huishia na jina la kampuni, kama vile jinalachama.smugmug.com. Picha ni za chama, jasho ni la wanachama, lakini jina lililo mlangoni ni la mwenye nyumba.

Ubaya wake hauonekani mpaka nyumba ifungwe. Huduma ya picha ya Yahoo, iliyokuwa na watumiaji wengi sana, ilifungwa mwaka 2007. Ile ya Kodak ilifungwa mwaka 2012. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo katika kadi na vifurushi vyao walibaki na karatasi zisizoelekeza popote. Kama wangekuwa na jina lao wenyewe, wangehamishia picha kwa mhifadhi mwingine na kubadilisha mstari mmoja tu katika daftari la jina, na kadi zile zile zingeendelea kufaa. Namna ya kuuandika mstari huo ndiyo maudhui ya somo hili.

Kwanza ifahamike jina lenyewe ni kitu gani. Wataalamu wa kompyuta hulitumia neno kikoa kwa maana ya eneo la jina katika intaneti. Wanachama wa Pemba wanalijua neno hilo kwa maana yake ya asili, yaani kula kwa shirika, kila mmoja akitoa kwa zamu yake. Maana hizi mbili zisichanganywe, ingawa hapana ubaya mtu akifurahia kuona neno la ushirika limefika huko.

Kompyuta hazitambuani kwa majina bali kwa tarakimu. Hapo zamani, mitandao ilipokuwa midogo, majina yote na tarakimu zake yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, jimbo la California, na kila mwenye kompyuta alinakili orodha hiyo. Mitandao ilipokua orodha ilielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu mwingine ambao ndio unaotumika mpaka leo: daftari halikai mahali pamoja, limegawanywa. Mgeni anayemtafuta mtu Pemba huanza wilayani; wilaya humpeleka kwa sheha; sheha humwonyesha nyumba. Wilaya haina haja ya kuijua kila nyumba, ila yatosha imjue sheha. Vivyo hivyo, mitambo ya juu kabisa hujua tu ni nani anayeshika daftari la .tz, ambalo ni la Tanzania, daftari la.tz hujua linakopatikana daftari la jinalachama.or.tz, na hilo la mwisho, ambalo hushikwa kwa niaba ya chama chenyewe, ndilo linalojua picha ziko wapi.

Daftari la .tz lilijengwa na tzNIC, taasisi iliyoundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na umoja wa watoaji wa huduma za intaneti. Ndani yake yamo mafungu: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa jumuiya zisizogawana faida, .ac.tz kwa vyuo, kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinavyotumia suza.ac.tz, na .go.tz kwa serikali. Chama cha ushirika kiko katikati ya biashara na jumuiya, na kamati ifanye uamuzi wake baada ya kumwuliza msajili. Lipo pia fungu ambalo makatibu wengi hawalijui, nalo ni .coop, lililoanza kutumika mwaka 2002 na kutengwa kwa vyama vya ushirika peke yake. Muungano wa Ushirika wa Kimataifa, uliozaliwa London mwaka 1895, hutumia ica.coop. Anayeomba jina katika fungu hili huweza kutakiwa athibitishe kwamba ni ushirika wa kweli, na hapo hati ya kuandikishwa chama huwa na kazi.

Katika kuchagua jina, herufi zinazokubaliwa ni a hadi z, tarakimu, na kistari kifupi ambacho hakiwezi kukaa mwanzo wala mwisho. Hapana nafasi kati ya maneno. Ritifaa pia haikubaliki, na hili linawahusu hasa wenzetu wa Ng'ombeni na Ng'ambwa: itabidi waandike ngombeni na ngambwa. Jina fupi linalotamkika kwa simu lapendeza kuliko refu lenye kila neno la katiba ya chama.

Jina halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa muda, aghalabu mwaka mmoja mmoja, kwa kumlipa msajili wa majina, asiyepaswa kuchanganywa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mambo yote ya kiufundi yatakayoelezwa baadaye, na hapana budi pakaziwe.

Kazi hii mara nyingi huachiwa kijana mmoja mwenye simu nzuri na moyo wa kujitolea. Huandika jina lake kuwa mwenye mali, huweka baruapepe yake na namba yake, hulipa kwa fedha yake na kurudishiwa kwa vocha, au hata asirudishiwe. Hana nia mbaya hata kidogo. Mwaka wa pili amekwenda Dar es Salaam au Muscat kutafuta maisha, taarifa ya kulipia inakwenda kwenye baruapepe asiyoifungua, muda unapita, na jina linarudi sokoni. Yeyote atakayelilipia ndiye mwenyewe, hata akiwa mtu asiyejua karafuu ni tunda au ni ua. Chama hakitaweza kudai, kwa kuwa hakikuandikwa popote kuwa mmiliki.

Wala hili si kosa la watu wadogo tu. Mwezi wa Desemba mwaka 1999 kampuni ya Microsoft yenyewe ilisahau kulipia jina passport.com, na watumiaji wengi wa Hotmail wakashindwa kuingia katika barua zao siku ya Krismasi, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, asiyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, alipolipa dola 35 kwa kadi yake ili kuliokoa. Chama cha Pemba kisitegemee kupata msamaria kama huyo.

Kwa hiyo mmiliki aandikwe kuwa ni chama, kwa jina lile lile lililo katika hati ya kuandikishwa. Baruapepe iwe ya ofisi, inayofunguliwa na katibu na mshika fedha wote wawili. Isiwe anwani inayoishia na jina lile lile linalosajiliwa, kwani jina likikatika na barua ya kukumbusha itakatika pamoja nalo. Ada iingizwe katika makisio ya kila mwaka, na tarehe ya mwisho iandikwe ukutani kwenye kalenda ya ofisi pamoja na tarehe ya Mkutano Mkuu. Maneno ya siri yaandikwe katika karatasi, yafungwe katika bahasha na kuwekwa katika kasha la fedha.

Sasa iko kazi yenyewe ya kuunganisha. Ina ncha mbili, kama daraja, na makatibu wengi hukwama kwa sababu hushika ncha moja na kuisahau nyingine. Ncha ya kwanza iko kwa mhifadhi wa picha, na ya pili iko katika daftari la jina, ambalo kwa kawaida hufunguliwa katika akaunti ya msajili.

Kwa mhifadhi, katibu huingia katika mipangilio ya tovuti, hutafuta mahali pa kuandika jina maalumu, na kuandika www.jinalachama.or.tz. Sababu yake ni hii. Mtambo mmoja wa mhifadhi hubeba tovuti za maelfu ya wateja, mfano wa ghala moja bandarini Mkoani lenye magunia ya vyama vingi. Mgeni akifika, mtambo husoma jina alilokuja nalo na kutafuta gunia lenye alama hiyo. Kama chama hakikuandikisha alama yake, mgeni atafikishwa mpaka mlangoni mwa ghala na kuambiwa hakuna kitu kama hicho. Ikumbukwe pia kwamba wahifadhi wengi hawaruhusu jina maalumu katika akaunti ya bure; chama kiulize bei kabla ya kusajili jina.

Mhifadhi naye hutoa shabaha, yaani jina la mtambo wake ambako jina la chama lielekezwe. Wateja wa SmugMug, kwa mfano, huelekeza kwenye domains.smugmug.com. Kila mhifadhi ana shabaha yake, na huweza kuibadilisha, hivyo katibu aisome katika ukurasa wa mhifadhi siku ile ile ya kazi na asiinakili kutoka kwa chama jirani.

Katika daftari la jina, katibu hufungua sehemu ya rekodi. Atakuta rekodi za aina mbalimbali, na zinazomhusu hapa ni mbili. Rekodi ya A hufunga jina na tarakimu za mtambo. Rekodi ya CNAME hufunga jina na jina lingine, kana kwamba mtu amesema: anayemtaka huyu, amwulize yule. Kwa tovuti iliyokodiwa, CNAME ndiyo bora, kwani mhifadhi akibadilisha tarakimu za mitambo yake, chama hakina la kufanya. Jina la shabaha ni lile lile. Mstari wenyewe huwa hivi: upande wa jina huandikwa www, upande wa aina CNAME, na upande wa shabaha huandikwa jina lililotolewa na mhifadhi.

Upande wa jina huandikwa www peke yake. Mitambo mingi ya wasajili huongeza yenyewe mkia wa jina, na anayeandika www.jinalachama.or.tz kwa ukamilifu hujikuta ametengeneza www.jinalachama.or.tz.jinalachama.or.tz, anwani ambayo hakuna mtu atakayeitafuta. Kosa hili ni la kawaida mno. Kosa la pili ni kuacha rekodi ya zamani ya www ikae sambamba na mpya. CNAME haikubali kukaa chumba kimoja na rekodi nyingine ya jina hilo hilo, kwa hiyo ya zamani ifutwe kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo jina tupu, yaani jinalachama.or.tz bila www, haliwezi kupewa CNAME ya kawaida. Juu yake zimeketi rekodi nyingine zisizoweza kuondolewa, zikiwemo zinazotaja ni mitambo gani inayoshika daftari. Dawa ni mojawapo ya mbili: ama kuweka rekodi ya A yenye tarakimu ambazo mhifadhi amezitoa kwa kazi hiyo, ama kuomba msajili awaelekeze wageni wa jina tupu waende kwenye www. Jambo hili lisipuuzwe, maana mwanachama anayesoma kadi ya chama mara nyingi huiacha www.

Kama chama kinapokea barua kwa jina lake, katika daftari hilo zitakuwamo pia rekodi za MX. Hizo ndizo zinazoleta barua. Zisiguswe. Wako waliokubali ushauri wa kuhamisha daftari zima badala ya kuongeza mstari mmoja, wakapata picha na kupoteza barua za wanunuzi katika msimu wa mavuno. Kabla ya kubadilisha chochote, ukurasa wote wa rekodi unakiliwe kwa mkono au upigwe picha.

Baada ya kuhifadhi mabadiliko, tovuti huenda isionekane mara moja, nako si kuharibika. Mitambo ya kampuni za simu hukumbuka majibu ya zamani kwa muda uliotajwa katika rekodi yenyewe, muda unaohesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, na 86400 ni siku nzima. Ndiyo maana huambiwa kwamba mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 48. Anayetaka kuhama bila usumbufu hupunguza muda huo kuwa 300, yaani dakika tano, siku moja au mbili kabla, na kuurudisha kazi ikiisha. Huenda pia ofisi ya Wete ikaona tovuti mpya na ya Chake Chake ikaona ya zamani, kwa kuwa kila moja hupitia kampuni yake ya simu. Katika kompyuta ya Windows, katibu huweza kuandika nslookup www.jinalachama.or.tz na kusoma jibu; likitaja jina la shabaha, ncha ya daftari imeshika, na tatizo likibaki litafutwe kwa mhifadhi.

Lipo bado suala la kufuli. Tovuti inayoanza na https huwa na cheti kinachothibitisha kwamba jina ni la kweli. Tangu mwaka 2015 taasisi isiyo ya faida, Let's Encrypt, imekuwa ikitoa vyeti bila malipo, na wahifadhi wengi huviomba wenyewe kwa niaba ya wateja mara tu rekodi inapoonekana. Katika saa za mwanzo kivinjari huweza kutoa onyo la hatari. Katibu asubiri, na wala asiwafundishe wanachama kulipita onyo hilo. Atakayezoea kulipita leo, kesho atalipita katika ukurasa wa mwizi. Vyeti hivyo huwa vya muda mfupi, miezi mitatu au pungufu, na hufanywa upya vyenyewe maadamu rekodi haijavunjwa.

Kuhusu picha zenyewe, mawili tu. La kwanza ni ukubwa: picha ikitoka katika kamera ilivyo, mwanachama anayeifungua kwa simu humaliza kifurushi chake, basi ipunguzwe. La pili ni ridhaa. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, walioingia kwa wingi ni wanawake, na mpaka leo ndio wengi. Mama aliye ndani ya maji hadi magotini, nguo zimeroa, hakuja pale kutazamwa na ulimwengu. Aulizwe kabla ya kupigwa picha na aonyeshwe picha kabla ya kuwekwa, na akikataa baadaye, iondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeipa nguvu haki ya namna hiyo, lakini adabu ya Pemba ilikwisha kuifundisha kabla ya sheria.

Kila picha iandikwe chini yake ni ya wapi na ya lini. Katika mji wa Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imehifadhi picha za vizazi vingi, na watu bado huzitazama kutafuta nyuso na mitaa wanayoijua. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka 20, hubaki kuwa picha ya mtu fulani mahali fulani.

Kikundi cha mafunzo kijadili maswali haya kabla ya kikao kijacho. Je, chama kina jina lake la intaneti, na kama kinalo, limeandikwa kwa nani? Taarifa ya kulipia hufika katika baruapepe ya nani, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini? Kama mhifadhi wa picha angetangaza kufunga huduma mwezi ujao, nakala za picha ziko wapi, na ni mstari gani katika daftari ungebadilishwa? Katibu akihamia Unguja, nani mwingine anajua bahasha iko katika kasha lipi?